Kabla hujabonyeza "Ona majibu yako"

Swali linaloingia sana DM kwangu siku hizi sio tena mambo ya kufungua duka mtandaoni, ni hili: dada, vile vipimo vya afya vya kwenye simu vinaaminika? Wanaongelea vile vya kujibu maswali kumi na kitu halafu unaambiwa una sonona au huna, homoni zimevurugika au ziko sawa, mwili wako una umri wa miaka 52 wakati cheti cha kuzaliwa kinasema 34. Na mtu akiuliza hivyo mara nyingi anamaanisha majibu, yani kama anachoambiwa ni kweli. Mi huwa naanzia kwingine kabisa. Naanzia kwenye kile kiboksi cha mwisho, kile kinachosema weka jina na namba ya WhatsApp ili tukutumie majibu yako.

Msimamo wangu nauweka hapa mapema ili asiyependa kusoma marefu aondoke nao: maswali jibu ukitaka, namba usiweke. Wengine kaeni niwaeleze kwanini.

Mimi ugali wangu unatoka kwenye matangazo ya mtandaoni, kazi ndogo ndogo tu, duka la magauni Kariakoo, dada wa keki Sinza, saluni, mtu wa viwanja Kigamboni. Karibu kila mteja mwenye tovuti namwekea pikseli ya Facebook. Hiyo ni mistari michache ya code za kompyuta, haionekani, anayesoma tovuti hajui kama ipo, na kazi yake ni kuwaripotia Facebook kila mtu anapofungua ukurasa: ukurasa gani, kabonyeza wapi, kafika wapi akaishia. Na mara nyingi Facebook wanamjua huyo mtu ni nani maana simu ni hiyo hiyo anayoingilia Facebook na Instagram. Kwa duka la magauni wala sio kesi, mtu kaangalia gauni la sendoff akaondoka bila kununua, kesho yake mi naingia kwenye ukurasa wa matangazo naagiza, tangazo hili waonyeshwe wale wote walioangalia magauni ya sendoff ndani ya siku 30 na hawakununua. Basi, ndio maana gauni linakufata kila kona mpaka unahisi simu inakusikiliza.

Sasa toa gauni weka kipimo cha sonona. Ukurasa wa majibu unaweza kuwa na anwani yake, na anwani yenyewe pale juu inajisema, majibu, sonona kali, alama 21. Pikseli haina aibu, inaripoti hiyo kama ilivyoripoti gauni. Na mwenye tovuti akitaka anaweza kuagiza vilevile, tangazo hili waonyeshwe wote waliofika ukurasa wa sonona kali, na wala hakuhitaji jina lako. Masharti ya Facebook yanakataza kutumiwa taarifa za afya kwa staili hiyo, yameandikwa kabisa, lakini mtu anayefunga pikseli saa tano usiku ili alipwe hajawahi kuyasoma, na aliyeyasoma akiamua kuyapuuza ni rahisi tu.

Msidhani naongelea vitu vya kufikirika. Mwaka 2019 shirika la Privacy International la Uingereza lilikagua kurasa 136 za mtandaoni zinazohusu sonona huko Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, wakakuta karibu zote zina vitu vya kampuni za pembeni vinavyochukua taarifa za msomaji, na baadhi ya vile vipimo vya sonona vilikuwa vinatoa mpaka majibu ya mtu kwenda kwa hizo kampuni. Mojawapo ya tovuti walizozishtaki ni Doctissimo ya Ufaransa, maarufu sana kule kwa kwizi za afya. Mwezi Mei 2023 mamlaka ya data ya Ufaransa ikaipiga faini ya euro 380,000, na kati ya makosa yaliyoandikwa ni kukaa na data za kwizi miezi 24 tangu mtu ajibu. Miezi 24! Umejibu kwizi uko kwenye foleni ya benki, umeshasahau, wao bado wanayo.

Halafu kuna hii ya BetterHelp ambayo kwangu ndio darasa lenyewe. BetterHelp ni kampuni ya Marekani ya ushauri nasaha kwa njia ya mtandao, ukitaka huduma yao kwanza unajaza fomu ndefu ya maswali, umewahi kuwa na sonona, unawaza kujiua, unatumia dawa, umeshawahi kwenda kwa mshauri, na kwenye hiyo fomu walikuwa wanakuhakikishia kwamba majibu ni siri. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikafungua jalada na mwaka 2023 wakakubaliana BetterHelp ilipe dola milioni 7.8, maana ilionekana imeili za wateja, anwani za vifaa vyao na hata taarifa kwamba mtu alishawahi kuwa kwenye ushauri vilikwenda Facebook, Snapchat, Pinterest na kampuni ya matangazo ya Criteo kwa ajili ya matangazo. Kuna kipindi walipakia Facebook imeili za wateja wao wote, wa zamani na wa wakati ule, karibu milioni 2, ili Facebook iwatafute watu hao na iwashawishi walete marafiki zao.

Kilichonichekesha, kicheko kile cha uchungu, ni nani alikuwa anaamua data gani iende wapi. Kwa mujibu wa FTC alikuwa kijana aliyetoka chuo juzi juzi, hajawahi kufanya kazi ya masoko, kaachiwa uwanja wote. Namwelewa kabisa yule kijana. Kila ofisi niliyopita kuna mtu kama yule, anaambiwa "wewe si unajua mambo ya kompyuta", anapewa nywila zote. Na kwenye tovuti yao walikuwa wamebandika muhuri wa kuonyesha kwamba wanafata sheria ya Marekani ya siri za wagonjwa. Kwahiyo ukiniambia "lakini dada tovuti ina kufuli pale juu na imeandikwa 100% siri" nitakujibu kufuli linamaanisha data inasafiri salama mpaka kwa mwenye tovuti. Akishaipokea anampa nani, kufuli halijui.

Zile dola 7.8 milioni ziligawanywa mwaka 2024 kwa watu kama 800,000. Piga hesabu mwenyewe, haifiki dola 10 kwa kichwa.

Na hii biashara sio ya jana. Mwaka 2009 gazeti la New York Times lilieleza jinsi kwizi ya RealAge ilivyokuwa inafanya kazi, ile ya kukuambia umri halisi wa mwili wako, ilikuwa na maswali kama 150 na ilishafanywa na watu milioni 27, balozi wake daktari Mehmet Oz wa kwenye TV. Ukikubali kuwa memba, majibu yako yanatumika kukupanga kwenye kundi, halafu kampuni za dawa zinalipia utumiwe imeili zinazoendana na kundi lako. Hata kabla hujaenda hospitali, hujaambiwa unaumwa. Mwaka uliofata, 2010, seneta wa Marekani Chuck Grassley akaiandikia WebMD kuhusu kipimo chao cha sonona kilichodhaminiwa na Eli Lilly, watengenezaji wa dawa ya sonona. Tatizo la kile kipimo, ukijibu hapana kwenye maswali yote, bado kinakuambia unaweza kuwa kwenye hatari ya kupata sonona.

Hiyo nikaijaribu nyumbani. Kuna tangazo lilikuwa linanijia sana Instagram, "Je una mvurugiko wa homoni? Jipime BURE kwa dakika 2". Nikaingia kwa laini yangu ya pili. Unapata maumivu ya tumbo wakati wa hedhi, hapana. Nywele zinakatika, hapana. Umeongezeka uzito, hapana. Unachoka bila sababu, hapana (hapa nilidanganya, nani hachoki Dar). Nikajibu hapana mpaka mwisho, kikaja kile kiboksi, nikaweka namba, yakaja majibu kwa herufi nyekundu: DALILI ZA AWALI. Asubuhi yake simu ikaita, "Habari dada, mimi ni dokta kutoka kitengo cha ushauri, nimeyaona majibu yako hapa, hali sio mbaya sana ila usichelewe". Nikamuuliza ameona nini, akasema homoni. Nikamuuliza homoni gani, akasema zote. Pakeji ya miezi mitatu ilikuwa laki mbili na themanini, na kuna ofa ikiwa nitalipia siku hiyo. Alipojua sinunui alikuja tena wiki ile ile kwa namba nyingine na jina lingine, safari hii nilikuwa na UTI sugu.

Sasa nirudi kwenye namba, maana hapa ndipo sisi tunatofautiana na mtu wa Paris au Chicago. Yule akitoa imeili ametoa imeili, anaweza kuwa na nne za majina ya kuzua. Wewe ukitoa namba ya simu Tanzania umetoa jina. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, mnakumbuka ile mikikimikiki ya Januari 2020, na mtu yeyote mwenye M-Pesa au Airtel Money akijifanya anataka kukutumia shilingi elfu moja, kabla hajaweka namba ya siri jina lako linamtokea kwenye skrini. Anasoma, anaghairi, wala hajatumia hata senti. Kwahiyo hata kama kwenye kwizi umejiita Mama Junior, yule dokta wa kitengo anajua jina la kwenye kitambulisho, na pembeni ya jina ameandika majibu yako. Kwenye kile kipimo cha nguvu za kiume, pembeni ya jina la baba wa watu kumeandikwa kitu ambacho hata mke wake hajaambiwa.

Wengine watasema nani ana muda wa kunifatilia mimi. Nyie si mlikuwepo wakati wa apu za mikopo? Mtu kakopa elfu hamsini, kachelewa siku mbili, meseji zikaanza kuingia kwa mkwe, kwa bosi, kwa mchungaji, zote zimetoka kwenye kitabu chake cha namba ambacho aliruhusu mwenyewe siku anapakua. Benki Kuu ilizitaja apu 69 za namna hiyo Novemba 2024 kwamba hazina leseni, na Kenya kamishna wa data aliitoza kampuni moja ya mikopo karibu shilingi milioni 3 za Kenya mwaka 2023 kwa mchezo huo huo. Kwenye mikopo siri ilikuwa deni. Kwenye afya siri ni kubwa zaidi na hailipiki ikaisha.

Lakini sitaki kuwasema watu kama vile ni wajinga, maana najua kinachowapeleka huko. Mdogo wangu mmoja, mtoto wa mamdogo, aliwahi kuniambia sentensi ambayo sijaisahau, kwamba bora Facebook wajue kuliko muuza duka la dawa pale mtaani. Ana hoja. Muuza duka la dawa anasali na mama yake. Zahanati ya kata nesi ni jirani, unaingia dirishani unaulizwa "unasumbuliwa na nini" kwa sauti ambayo benchi zima linasikia, faili linapita mikononi mwa watu watatu kabla ya daktari. Msichana wa miaka 22 anayehisi ana shida ya kizazi, au kijana anayehisi kichwa hakiko sawa, kwake hatari haipo California kwa akina Facebook, iko nyumba ya tatu kutoka kwao. Kwahiyo anamkimbia jirani anaenda kwa mgeni, na kwa mtazamo wake amechagua vizuri. Kinachokosekana kwenye hesabu ni kwamba yule mgeni anarudi. Anarudi kama tangazo la dawa ya fangasi kwenye simu ambayo usiku anaitumia mdogo wake kuangalia katuni. Anarudi kama simu inayoita mezani watu wanakula na TrueCaller inaandika jina la kliniki.

Ndio maana ushauri wa "nenda hospitali" peke yake haunitoshi, na hospitali zetu wakirekebisha lile dirisha nusu ya hizi kwizi zitakosa wateja.

Kwa upande wa kipimo chenyewe, kuna vitu ambavyo havihitaji tovuti hata kidogo. Kipimo cha sonona ambacho tovuti nyingi wanakikopi kinaitwa PHQ-9, kina maswali tisa tu, kinatumika hospitali dunia nzima, na kimetafsiriwa Kiswahili. Kinauliza wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umesumbuliwa na haya: kukosa hamu au raha ya kufanya vitu, kujisikia mnyonge au kukata tamaa, usingizi kugoma au kuzidi, uchovu, kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi, kujiona umefeli, kushindwa kutuliza akili kwenye jambo, kuwa mzito au kuhangaika mpaka watu wanaona, na la tisa, kuwaza bora ufe au ujidhuru. Kila swali unajipa 0 kama halipo, 1 kama ni siku kadhaa, 2 zaidi ya nusu ya siku hizo, 3 karibu kila siku. Unajumlisha, mwisho ni 27, na ukifika 10 au zaidi ndio daktari huanza kukuangalia kwa makini. Kalamu na nyuma ya risiti vinatosha, ukimaliza unachana. Na ndio, hata hii ilitengenezwa kwa pesa za Pfizer ambao nao walikuwa wanauza dawa za sonona, ila fomu yao haina kiboksi cha namba na ni ya bure kwa yeyote. Lile swali la tisa likipata kitu chochote zaidi ya sifuri usisubiri jumla, ongea na mtu siku hiyo hiyo, na kama huna wa kuongea naye 199 ya Wizara ya Afya haina malipo.

Hata hivyo 10 sio ugonjwa. Ni sababu ya kwenda kuongea na mtu aliyesomea, basi. Hapo sasa ndio nagusa lile swali la kama majibu ni ya kweli, na nalipita haraka: mwaka 2015 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti wa watu wa Harvard, walichukua programu 23 za kukagua dalili wakazipa visa 45 vya wagonjwa wa mfano, ugonjwa sahihi ulitokea wa kwanza kwenye orodha kwa asilimia 34, na ushauri wa wapi uende na kwa haraka gani ulikuwa sawa asilimia 57. Zipo zinazojitahidi, Ada ya Wajerumani ipo hata kwa Kiswahili tangu 2019, na kampuni kama hiyo walau ina jina, ina anwani na ina sera ya faragha unayoweza kuisoma ukaikataa. Mi nazitofautisha sana na ile kwizi ya herufi nyekundu ambayo mwenye nayo ukimtafuta unakuta ni namba ya WhatsApp na picha ya stetoskopu.

Kuna aina moja ambayo hata kampuni kubwa siwezi kuipa, nayo ni vinasaba (DNA). 23andMe ya Marekani watu walikuwa wanatema mate kwenye kichupa wanatuma kwa posta, wanaambiwa asili yao na hatari zao za magonjwa. Mwaka 2023 wahuni waliingia kwenye akaunti kama 14,000 kwa kutumia nywila zilizovuja kwingine, na kupitia kipengele cha kutafuta ndugu wakafika kwenye taarifa za watu milioni 6.9. Machi 2025 kampuni ikaomba kufilisika, na zile data zikawa sehemu ya mali za kuuzwa, mwisho taasisi ya mwanzilishi wake Anne Wojcicki ikanunua kwa dola milioni 305. Namba ya simu unabadilisha, vinasaba hubadilishi, na wala sio vyako peke yako. Binamu yako aliyeko Minnesota akitema mate kwenye kile kichupa kwa ajili ya kujua kama ana Mshirazi kwenye ukoo, na wewe uliyepo Tandika umetoa kidogo.

Sheria tunayo, tusiseme hatuna. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 ikaanza kufanya kazi Mei 2023, taarifa za afya imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti ambazo hazitakiwi kuchakatwa bila ridhaa yako ya maandishi, ukiacha mazingira ambayo sheria yenyewe imeyataja, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kenya wana yao tangu 2019. Ila sheria inahitaji mtu wa kumshika, na muuza dawalishe anayebadilisha laini kila mwezi sio rahisi kumshika, kwahiyo mi naona bora usimpe cha kushikia wewe kwanza.

Kwa ambaye ameshaweka namba na simu zimeshaanza, usibishane nao. Piga skrinshoti tangazo, kwizi na meseji zao, maana ukitaka kulalamika Tume utaulizwa ushahidi, halafu watumie ujumbe mmoja ulioandikwa, kopi huu: "Naomba mfute jina, namba na majibu yangu yote ya kipimo kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mnijulishe kwa maandishi mmempa nani mwingine." Wengi hawajibu, wanakublock, na kublokiwa nao kwa hapa ni faida. Wachache wanajibu. Mteja wangu mmoja aliutuma, dokta wa kitengo akasoma, tiki mbili za bluu, akaandika kwa dakika kama tano hivi, ikaja: "Sawa dada, ila dozi bado unaihitaji?"